Wanaojua na Wasiosema: Masoko ya Ubashiri Dhidi ya Ulaghai

Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu wasikilizaji,

Mwaka 2000 mchambuzi wa fedha wa Boston, Harry Markopolos, aliieleza tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani kwamba faida za Bernard Madoff, meneja wa uwekezaji wa New York, haziwezekani kihesabu. Madoff aliwapa wateja karibu asilimia 1 kila mwezi, soko lipande au lishuke. Markopolos hakukata tamaa; mwaka 2005 akawapelekea waraka wenye dalili karibu 30 za ulaghai. Madoff akaendelea na biashara hadi Desemba 2008, alipokiri mwenyewe kwa wanawe. Taarifa za wateja zilionyesha takriban dola bilioni 65, na sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwahi kuwepo.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba Markopolos hakuwa peke yake. Wapo waliomshuku Madoff kule Wall Street, kitovu cha fedha cha New York, wakamkwepa kimyakimya, basi. Kumkwepa kulilinda fedha zao, kusema kungewaponza. Kampuni ikiwa na hisa sokoni, mwenye shaka huweza kuazima hisa zake, akaziuza, akangoja bei ianguke azirudishe kwa bei ndogo, na shaka yake ikasomeka kwenye bei. Mfuko wa Madoff haukuwa na hisa za kuuzwa namna hiyo.

Na kusema kunaponza kweli. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyetoa nyaraka za Goldenberg, kashfa ya wizi wa fedha za umma nchini humo miaka ya 1990, alifukuzwa kazi, akafa maskini mwaka 2006. Tunawataka watu wawe mashujaa, kisha tunawaacha peke yao.

Soko la ubashiri lingempa mtu kama huyo njia nyingine. Linauliza swali lenye jibu la wazi na tarehe ya mwisho, na watu hununua na kuuziana tikiti za majibu. Tikiti ya "ndiyo" hulipa shilingi 100 jambo likitokea, na hailipi kitu lisipotokea. Ikiuzwa shilingi 12, wengi hawalitarajii. Ikipanda hadi 45 wakati magazeti hayajaandika neno, yafaa tuulize nani amejua nini.

Wanasayansi wamelijaribu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watafiti walipewa mtaji wa kubashiria kama majaribio ya saikolojia yaliyokwisha kuchapishwa yangetoa matokeo yaleyale yakirudiwa. Kati ya majaribio 41, soko lilipatia asilimia 71. Watu walewale walipojaza dodoso tu, walipatia asilimia 58. Halikuwa suala la wizi, lakini linaonyesha kwamba ndani ya fani watu hujua ni kazi ipi haina mguu wa kusimamia.

Hatari zipo, na sizipuuzi. Mwizi mwenye fedha anaweza kununua tikiti za "hapana" ili kuishusha bei, na katika soko la watu wachache atafanikiwa kwa muda. Mwingine anaweza kununua "ndiyo" kisha akamzushia asiye na hatia. Kwa hiyo bei isihesabiwe ushahidi. Imwelekeze mkaguzi pa kuanzia tu. Siri nayo ina mipaka: jambo likijulikana na watu watatu wa ofisi moja, anayebashiri amejianika. Ndiyo maana nataka maswali mapana, na mtaji utolewe na waandaaji kama kwenye utafiti ule, maana wengi wetu hatutaki kamari, na mimi ni mmoja wao.

Hapa Tanzania swali la kuanzia tunalo. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa hati ya ukaguzi kwa kila halmashauri: safi, yenye shaka, au mbaya, ama husema ameshindwa kutoa maoni. Jibu hutoka hadharani, ripoti inapofika bungeni. Soko lifunguliwe miezi kadhaa kabla, kwa wahasibu, maofisa ugavi na wakandarasi wa mikoa yote, majina yao yakifichwa. Halmashauri ambayo bei ya hati safi imeporomoka, wakaguzi waifikie kwanza, wakati vocha na stakabadhi bado ziko kwenye mafaili.