Mtoto Ameumia, na Wewe Hukubaliani na Daktari

Ndugu wazazi na walezi, wenzangu wahudumu wa afya, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo watu hulinong'ona kwenye korido za hospitali na wachache tu hulisema mbele ya daktari mwenyewe. Mtoto ameumia, daktari ametoa uamuzi, na wewe mzazi moyo wako umekataa. Ufanye nini?

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu imekuwa wodi ya watoto walioumia: waliovunjika, walioungua, walioanguka na kugonga kichwa. Nasikia ya daktari, kisha nageuka nasikia ya mama aliyekesha kitandani. Niseme tangu mwanzo ninachoamini, ili mnisikilize mkijua ninakoelekea. Kutokubaliana huku ni kwa aina mbili, na wazazi wengi huzichanganya. Aina ya kwanza ni juu ya tiba: daktari anataka bendeji, wewe unataka plasta ngumu, yeye anasema tusubiri, wewe unataka mtoto apasuliwe leo. Aina ya pili ni juu ya hali ya mtoto: wao wanasema anaendelea vizuri, wewe unamtazama unaona haendelei vizuri. Kwenye ile ya kwanza, uliza sana, na uwe tayari kushawishika. Kwenye ya pili, usikubali kunyamazishwa upesi.

Tuanze na tiba. Mifupa ya mtoto si mifupa ya mtu mzima iliyopunguzwa ukubwa. Ni laini zaidi. Mara nyingi haikatiki vipande viwili. Hupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi, au hubonyea tu. Tena karibu na ncha za mifupa mirefu kuna tabaka la gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Tabaka hilo lina neema yake na hatari yake. Neema ni kwamba mfupa ulioungana ukiwa umepinda kidogo unaweza kujinyoosha wenyewe kadiri mtoto anavyokua, hasa akiwa bado mdogo, palipovunjika pakiwa karibu na tabaka hilo, na mpindo ukiwa umefuata upande ambao kiungo hukunjikia. Hatari ni kwamba tabaka lenyewe likijeruhiwa, mfupa unaweza kukua kombo au ukaacha kukua mapema. Mwaka 1963 madaktari wawili wa Kanada, Robert Salter na Robert Harris, waliyagawa majeraha ya tabaka hilo katika aina tano, na mgawanyo huo unatumika hadi leo.

Hii ndiyo sababu picha mbili za eksirei zinazofanana machoni pako zinaweza kupewa tiba mbili tofauti kabisa. Mmoja anafungwa na kurudishwa nyumbani na mkono uliopinda, mwingine mwenye ufa mdogo tu anapelekwa chumba cha upasuaji. Mzazi anauliza, "Daktari, naona kwa macho yangu mfupa umepinda, mbona humnyooshi?" Swali hilo ni halali, na lina jibu. Daktari anaweza kukueleza mpindo ni nyuzi ngapi, mtoto amebakiza miaka mingapi ya kukua, na kwa nini pale palipovunjika patajinyoosha. Mwulize pia kama mfupa umejizungusha, kwa sababu mzunguko haujirekebishi kama mpindo unavyojirekebisha. Mtoto aliyevunjika kidole akikunja ngumi, kisha kidole hicho kikaenda kupanda juu ya jirani yake, huo si mpindo wa kusubiri ujinyooshe.

Kuna wakati daktari anafanya kidogo na kidogo hicho ndicho sahihi. Mfano wa karibu ni ule mfupa uliobonyea tu kwenye kifundo cha mkono. Kwa miaka mingi watoto hawa walifungwa kitu kigumu. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Uingereza, uliofanyika katika hospitali 23, wenye watoto 965 wa umri wa miaka 4 hadi 15. Nusu walifungwa kitu kigumu. Nusu walipewa bendeji laini, wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Siku ya tatu maumivu yalikuwa sawa kwa makundi yote mawili, na wiki sita baadaye mikono ilikuwa inafanya kazi vilevile. Kwa hiyo mzazi anayedai plasta kwa jeraha la namna hiyo anadai joto, mwasho na safari za hospitali ambazo mwanawe hazihitaji. Hapo mimi nasimama upande wa daktari bila kusita.

Kichwa nacho. Mtoto ameanguka, mzazi anataka apimwe kwa mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya kichwa, daktari anasema tumwangalie kwa saa kadhaa. Mzazi anaona amepuuzwa. Hajapuuzwa. Kipimo hicho kinatumia mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida, na mwili wa mtoto huathirika na mionzi kuliko wetu. Mwaka 2009 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani ya Kaskazini wa watoto 42,412 waliogonga kichwa. Waliokuwa na jeraha zito la ubongo ni 376, chini ya mmoja kwa kila mia, na waliohitaji upasuaji wa kichwa ni 60. Kutokana na utafiti huo zikapatikana dalili za kumtenga mtoto anayehitaji kipimo na asiyekihitaji. Kumwangalia mtoto kwa saa kadhaa, kama kweli anaangaliwa, ni sehemu ya tiba.

Lakini sikilizeni hili, maana watu hulipita. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili, mojawapo ya dalili zilizowekwa kwenye orodha hiyo ni kwamba mzazi anaona mtoto hayuko kama kawaida yake. Neno la mzazi limeingia kwenye kipimo cha kitaalamu, likakaa pamoja na uvimbe wa kichwani na kuzimia. Watafiti hawakuliweka kwa ajili ya adabu. Mtu aliyemwona mtoto jana, juzi na mwezi uliopita anajua jambo ambalo mgeni mwenye koti jeupe hawezi kulijua kwa dakika kumi.

Hapo tumeingia kwenye aina ya pili, na ndiyo niliyoijia.

Mtoto amevunjika karibu na kiwiko, au amevunjika muundi. Amefungwa plasta. Usiku analia. Watu wanasema, "Amevunjika, lazima alie." Ni kweli, ila kuna kilio kinachopaswa kumwamsha kila mtu. Misuli ya mkono na mguu imefungwa ndani ya utando usiotanuka. Uvimbe ukizidi ndani ya utando huo, na plasta ikiwa imebana kwa nje, shinikizo hupanda mpaka damu haiingii kwenye msuli. Hali hiyo ikiendelea kwa takriban saa sita, msuli unakufa na haurudi. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliandika mwaka 1881 kuhusu mikono iliyokakamaa hivyo baada ya kufungwa kwa kubana, vidole vikabaki vimejikunja daima. Tangu wakati huo jambo hili linajulikana, na bado hutokea.

Niwaonyeshe ninavyopima. Nabonyeza ukucha wa mtoto, unakuwa mweupe, naachia. Wekundu unatakiwa urudi ndani ya sekunde mbili. Nagusa ncha ya kila kidole, nauliza kama anahisi. Kisha nashika kidole cha kati na kukinyoosha polepole sana, na macho yangu hayako kwenye kidole, yako usoni kwake. Akikunja uso na kuvuta mkono kwa kitendo kidogo kiasi hicho, simsubiri daktari wa asubuhi. Kucha zinaweza kuwa na rangi nzuri na mapigo ya damu yakasikika, na bado msuli ndani unakufa. Kinachotangulia kwa mtoto ni maumivu yasiyolingana na jeraha, kutotulia, na kuhitaji dawa ya maumivu mara kwa mara zaidi kuliko mwanzo. Tena mtoto mdogo hasemi "maumivu yameongezeka." Hulia tu. Anayejua kwamba kilio cha saa tisa usiku si kile cha saa tatu ni mzazi. Ukiambiwa anadeka tu, sema tena. Omba plasta ipasuliwe mpaka kwenye ngozi, pamoja na pamba ya ndani, na mtoto aonwe na daktari wa mifupa usiku huohuo. Plasta hufungwa upya kwa dakika chache.

Wapo watoto ambao habari zao zilibadili kanuni. Mwaka 2001, mjini Baltimore, Marekani, mtoto wa miezi 18 aitwaye Josie King alilazwa baada ya kuungua kwa maji moto ya bafuni. Alikuwa anapona. Mama yake, Sorrel King, akaona mtoto ana kiu isiyo ya kawaida: analilia kila kinywaji anachokiona, na akiogeshwa ananyonya kile kitambaa cha kuogea. Alisema. Akaambiwa asimpe maji. Mtoto alikufa kwa kuishiwa maji mwilini, pamoja na dawa kali ya maumivu aliyopewa isivyostahili. Vipimo vilikuwepo, wataalamu walikuwepo, na alama iliyokuwa wazi kuliko zote ilikuwa mdomoni mwa mtoto, imeonwa na mama. Mwaka 2005 hospitali moja ya Pittsburgh, baada ya kumsikia mama huyo, ilianzisha utaratibu wa familia kuita kikosi cha dharura wenyewe.

Uingereza nako, mwaka 2021, Martha Mills wa miaka 13 alianguka na baiskeli, usukani ukamjeruhi kongosho. Akapata maambukizi makali mwilini, wazazi wakaeleza wasiwasi wao zaidi ya mara moja, akafariki. Uchunguzi wa kisheria wa mwaka uliofuata ulisema huenda angepona kama angehamishiwa mapema chumba cha wagonjwa mahututi. Tangu mwaka 2024 hospitali za huko zimeanza kutumia kanuni yenye jina lake, inayoipa familia haki ya kuita kikosi kingine kuja kumpima mgonjwa kwa haraka. Kama hospitali yenu haina utaratibu wa namna hiyo, bado ina muuguzi mkuu wa zamu, na ina daktari aliye juu ya yule uliyezungumza naye. Uliza majina yao siku ya kwanza, kabla hujawahitaji.

Sasa namna ya kusema. Mzazi akisema "sikubaliani na tiba hii," daktari husikia ugomvi, hata kama mzazi hakuukusudia. Lakini mzazi akisema, "Daktari, jana jioni alikuwa anachezesha vidole vyote. Tangu alfajiri hataki hata niviguse. Dawa alipewa saa kumi na mbili, na haikumtuliza kabisa," hapo hakuna daktari mwenye kazi yake atakayeendelea na safari bila kugeuka. Eleza ulichokiona, saa ulipokiona, na kilivyobadilika. Kwa upande wa tiba, kuna swali moja ninalolipenda kuliko yote: "Ni kitu gani kikitokea kitakufanya ubadili mpango huu?" Daktari anayejua anachofanya atakujibu papo hapo, na jibu lake litakuwa mwongozo wako nyumbani. Akijibu kwa kusema yeye ndiye daktari, hilo si jibu, na una haki ya kumwomba mwingine.

Na mtoto mwenyewe aulizwe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unampa haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Nimeona watu wazima watatu wakibishana juu ya kitanda kuhusu mguu wa mtoto wa miaka tisa, na hakuna aliyemwuliza unauma wapi.

Wenzangu wa afya, nanyi nina neno. Mzazi anayeuliza mara tatu hajawadharau. Mara nyingi hakuelewa mara ya kwanza kwa sababu alikuwa na hofu, na mara ya pili kwa sababu mlikuwa mnatembea huku mnajibu.

Kuna mama pale ameuliza: vipi kama nimekataa kabisa, nataka kumhamisha mwanangu? Mama, maoni ya daktari wa pili ni haki, na daktari mzuri hakasiriki. Ila uliza kwanza jambo moja: tunaweza kusubiri kwa muda gani bila mtoto kudhurika? Mfupa uliobonyea unasubiri. Mfupa uliotoboa ngozi hausubiri, wala mkono uliokosa damu, wala mtoto aliyegonga kichwa ambaye haamki vizuri. Katika hali kama hizo sheria za nchi nyingi huwaruhusu madaktari kuokoa maisha hata kabla ya kupata saini yako, na mimi naona ni haki. Jeraha likiwa la kusubiri, usiondoke kimyakimya usiku. Omba picha zote za eksirei, barua ya rufaa, majina ya dawa na saa alizopewa, na saa aliyokula mara ya mwisho, kwa sababu huko uendako wakitaka kumpa nusukaputi hilo ndilo watakalouliza kwanza. Plasta isifunguliwe njiani, na kama unaweza, daktari wa huku azungumze kwa simu na wa kule kabla hujapanda gari.