Kinga, Ukuaji na Uzazi: Jinsi Tumbawe Linavyogawa Nguvu Zake

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi ndugu zetu wa vikundi vya uhifadhi mliotoka vijiji vya mwambao, asalaam aleikum.

Nimeombwa nizungumzie namna tumbawe linavyojikinga na maradhi. Nimeona nilipanue swali hilo kidogo, kwa sababu kinga ya tumbawe haieleweki ikitazamwa peke yake: nguvu inayotumika kumzuia mvamizi ndiyo ileile ambayo ingejenga mfupa au kujaza yai, na tumbawe halina pengine pa kukopa. Hoja yangu ni kwamba katika kazi ya kurejesha miamba tumezoea kupima afya ya tumbawe kwa rangi yake na kwa kasi ya kurefuka kwake, ilhali vipimo hivyo viwili havituambii kama linaweza kuponya jeraha wala kama litazaa.

Tumbawe ni mnyama. Kile tunachokiona kama jiwe au kichaka ni koloni ya polipi, yaani wanyama wadogo wengi wenye minyiri, zilizounganishwa na nyama nyembamba iliyotanda juu ya mfupa wa chokaa. Ndani ya seli za polipi hizo unaishi mwani wa hadubini ambao kwa usanisinuru hutengeneza sukari na mafuta, na katika maji maangavu yenye mwanga wa kutosha huweza kumpatia mwenyeji wake asilimia 90 au zaidi ya nishati anayoihitaji. Kinachobaki hutokana na vijidudu vinavyonaswa kwa minyiri, hasa usiku. Mapato hayo yanadaiwa na mfupa, nyama, mayai, manii, akiba ya mafuta na kinga. Ute peke yake hula sehemu kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwani katika baadhi ya matumbawe ya jenasi ya Acropora, ambayo mengi ni ya matawi, karibu nusu ya kaboni inayotengenezwa na mwani hutoka nje kama ute, na ute huo ndio kinga ya kwanza, maana huteleza na kuondoka na bakteria pamoja na mchanga.

Chini ya ute kuna kinga ya pili. Tumbawe halina kingamwili kama zetu. Hutegemea kinga ya asili ambayo haichagui sana mvamizi ni nani. Seli zake zina vipokezi vinavyotambua alama za jumla za bakteria na kuvu, na baadhi ya vipokezi hivyo ni vya ukoo mmoja na vilivyomo katika mwili wa binadamu. Vikishtuliwa, seli zinazotembea ndani ya nyama huanza kumeza wavamizi, protini za kuua bakteria huzalishwa, na vimeng'enya huamshwa kimoja baada ya kingine hadi kutengeneza melanini, ileile iliyo katika ngozi na nywele zetu, ambayo hujengwa kama ukuta kumzunguka mvamizi. Utengenezaji wa melanini huzaa kemikali kali zinazoweza kuunguza hata nyama ya tumbawe lenyewe, hivyo ni lazima vitengenezwe vimeng'enya vingine, kama katalasi na peroksidasi, ili kuzidhibiti. Gharama hapo inalipwa mara mbili.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho hahitaji maabara. Azame penye tumbawe la Porites, lile kubwa la mviringo lenye rangi ya kahawia au manjano iliyofifia, aangalie mahali ambapo konokono ametafuna au ambapo mwani wa majani unaligusa kila wimbi likipita. Mara nyingi ataona ukingo wa waridi wa upana wa milimita chache, uliovimba kidogo, unaofuata mpaka wa jeraha. Waridi hiyo hutokana na protini zinazong'aa, na watafiti wamebaini kwamba protini za jamii hiyo hujikusanya pale ambapo nyama inakua kwa haraka. Ndiyo maana ncha za matawi ya Acropora nyingi huwa za zambarau au buluu hata pasipo na jeraha lolote. Kwa hiyo kwenye ule ukingo tumbawe linajikinga kwa kukua, likiharakisha kujenga ili limfunike adui. Nalisisitiza hili kwa sababu husemwa mno kwamba kinga na ukuaji ni mahasimu. Mahali padogo, kwa siku chache, vinaweza kufanya kazi moja. Uhasama hujitokeza tunapotazama koloni zima na msimu mzima.

Katika koloni zima tofauti ni kubwa. Tawi la Acropora linaweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, ilhali Porites la mviringo huongezeka kwa takribani sentimita moja. Mwaka 2010 watafiti waliolinganisha jamii kadhaa za matumbawe ya Great Barrier Reef huko Australia walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba jamii zenye melanini na protini zinazong'aa kwa wingi, Porites ikiwa mojawapo, ndizo zisizopauka, yaani zisizopoteza mwani na rangi yake, wala kuugua kwa urahisi, na kwamba Acropora ilikuwa upande wa pili. Unene wa nyama na umbo la koloni navyo vinachangia, lakini mwelekeo huo tumeuona hapa kwetu. Joto la bahari la 1998 lilipopita, misitu ya Acropora katika mwamba wa Tutia, Mafia, ilibaki mifupa, na katika miamba mingi ya Afrika Mashariki ni Porites za mviringo zilizoendelea kuishi katikati ya kifusi.

Nguvu zinazopotea kwa maradhi zimepimwa vizuri huko Hawaii, ambako mnyoo mmoja wa kundi la trematodi huingia katika polipi za Porites compressa. Polipi iliyoingiliwa huvimba, huwa ya waridi, na haiwezi tena kujirudisha ndani ya kikombe chake cha chokaa. Tumbawe lililoshambuliwa sana linaweza kupoteza hadi nusu ya ukuaji wake. Kitatange huzipenda polipi hizo kwa kuwa ni rahisi kuzing'oa, na akizila mnyoo hupata mwenyeji anayemhitaji ili akomae, huku tumbawe likiotesha polipi mpya mahali palepale. Samaki anayedonoa tumbawe huwa anaondoa mzigo ambao kinga peke yake haikuweza kuuondoa, jambo la kukumbukwa na kila anayedhani kwamba uvuvi wa samaki wadogo wa mapambo haugusi afya ya mwamba.

Sasa uzazi, na hapa ndipo nataka tukae. Yai la tumbawe limejaa mafuta, na katika Acropora huchukua miezi kadhaa kukomaa, kwa hiyo msukosuko wowote wa miezi hiyo huweza kulifikia. Huko Florida, baada ya kupauka kwa 1987, matumbawe ya Orbicella annularis yalichunguzwa. Yale yaliyorudisha rangi mapema yaliendelea kutengeneza mayai. Yale yaliyokaa yamepauka kwa miezi yalibaki hai, lakini nyama yake ilikonda na msimu uliofuata hayakukamilisha mayai yake. Mpiga mbizi anayehesabu walio hai na wafu angeyaandika katika safu moja. Karibiani kwenyewe, tumbawe laini lenye umbo la upepeo, Gorgonia ventalina, lilipovamiwa na kuvu lilijaza melanini kuzunguka kidonda, na mengi kati ya yaliyougua hayakuwa na mayai wala manii. Nako Japani, vipande vya Acropora vilivyokatwa wakati mayai yanapevuka viliyafyonza mayai hayo, hasa vipande vidogo. Kipande kilichojeruhiwa hula uzazi wake ili kipone, nami sioni kosa lolote katika hesabu hiyo, maana asiyepona leo hatazaa kamwe.

Lakini msidhani kila tumbawe linalokua haraka lina kinga duni. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti kutoka Florida uliojaribu aina 15 za kinasaba za Acropora cervicornis, na takribani robo yake zilistahimili ugonjwa wa ukanda mweupe. Joto lilipopanda na matumbawe kupauka, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Katika Acropora millepora ya Australia, utafiti wa 2019 ulionyesha kwamba koloni zilizostahimili dhiki moja mara nyingi zilistahimili na nyingine, bila kulipia kwa ukuaji. Ninavyoyasoma matokeo haya, ushindani kati ya kinga, ukuaji na uzazi haujifichui wakati wa neema. Mapato yanapotosha, koloni hodari hulipa madeni yote. Mwani unapoondoka na mapato kukatika, ndipo tunapojua ni deni gani limeahirishwa, na mara nyingi linaloahirishwa kwanza ni uzazi.

Kwa mwambao wetu, kalenda inalifanya jambo hili kuwa la haraka. Matumbawe ya Acropora ya Kenya hayamwagi mayai kwa pamoja ndani ya siku chache kama yale ya Australia. Humwaga kwa awamu katika miezi mingi, na sehemu kubwa huangukia msimu wa kaskazi, wakati bahari inapopata joto na Machi na Aprili, miezi ya hatari ya kupauka, inapokaribia. Kwa hiyo nawaomba wenye vitalu, ambamo vipande vya matumbawe hukuzwa ili kurejesha miamba, wasikate vipande katika miezi ya kaskazi, bali wangoje kusi itulie na maji yapoe. Wakate vipande vikubwa kidogo, japo vitakuwa vichache. Koloni mama likishakatwa lipumzishwe msimu mzima, na nanga zisitupwe karibu nalo, wala madema yasiburuzwe juu yake. Kwenye daftari la kitalu, pembeni ya urefu wa tawi, ziongezwe safu mbili: kidonda cha kukata kimechukua siku ngapi kufunikwa na nyama, na je, tawi moja likivunjwa kwa uangalifu kabla ya mwezi wa kumwaga, linaonyesha mayai ya waridi ndani ya nyama au ni jeupe tupu. Mayai yaliyokomaa ya Acropora huonekana kwa jicho, na wavuvi waliofundishwa mara moja huyatambua bila kifaa chochote.