Mashine Iwe ya Mwisho: Halmashauri na Matairi Chakavu

Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, maofisa afya na mazingira, asanteni.

Mjadala wa matairi chakavu mara nyingi huanza na mashine ya kuyasaga. Naomba tuiweke kando kwanza, maana kazi ya halmashauri inaanzia kwa fundi pancha.

Tairi zima halifukiki. Uwazi wake hunasa hewa na gesi za dampo, nalo hupanda polepole mpaka linachomoza juu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kufukia matairi mazima mwaka 2003, na yaliyokatwakatwa mwaka 2006. Ukiliacha nje, maji ya mvua yanatuama ndani, ulilaze au ulisimamishe, na mbu wa dengue hukua kutoka yai hadi mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Kumwaga maji hakutoshi: mayai yaliyoganda kwenye kuta za ndani za tairi hustahimili ukavu kwa miezi.

Sasa utaratibu. Sheria ndogo imtake kila muuza matairi na fundi pancha ayatunze matairi chakavu chini ya paa na kuyakabidhi kwa msafirishaji mwenye kibali tu. Stakabadhi iwe na nakala tatu: ya anayetoa, ya anayebeba, ya anayepokea. Nakala ya tatu ikirudi halmashauri, ndipo msafirishaji alipwe. Mkimlipa kwa safari, msishangae mzigo ukiishia korongoni.

Alipwe kwa uzito, si kwa idadi. Tairi la gari dogo lina kilo 8 hivi, la lori 50 au zaidi, kwa hiyo elfu moja madogo ni takribani tani 8. Lakini mwageni maji kabla ya kupima, la sivyo mnalipia mvua.

Kituo cha kukusanyia kiwe na uzio, marundo yasizidi mita 3 kwenda juu, na kati ya rundo na rundo gari la zimamoto lipite. Hagersville, Kanada, mwaka 1990, rundo la matairi yapata milioni 14 liliwaka siku 17. Maji hayafiki ndani ya rundo, na mpira unaoungua hutiririsha mafuta mpaka kwenye visima. Moto ukishashika, tenganisheni yasiyowaka, yanayowaka yafukieni kwa udongo.

Tuje kwenye mashine. Kabla ya kusaga, toeni rimu, mawe na matope, kisha ng'oeni waya mnene wa ukingoni. Huo ndio unaovunja visu. Vipande vikishakuwa vidogo, sumaku hunasa nyuzi za chuma zilizobaki. Zisipoondolewa, hutoboa tairi la trekta lenu wenyewe, na mnunuzi wa chembe za mpira huurudisha mzigo.

Tanuri la saruji halina shida hiyo: mpira ukiungua hutoa joto zaidi kuliko makaa ya mawe ya uzito uleule, na chuma huingia kwenye saruji yenyewe. Kama lipo tanuri karibu linalochoma kwa kibali na kupimwa moshi, fungeni kwanza na mwenye tanuri mkataba wa idadi ya tani kwa mwezi. Huenda mkagundua kuwa mashine ya kukata vipande vikubwa, ya kupunguza ujazo wa kusafirisha tu, inawatosha.