Jina Ndani ya Matini, Jina Kwenye Orodha: Kupanga Marejeleo ya Tasnifu za Sayansi ya Jamii

ATUPELE: Karibuni wasikilizaji wetu, popote mlipo. Tuko hapa Mbeya, na leo tunazungumza na wanafunzi wa sosholojia, maendeleo ya jamii, utawala na elimu ambao data wanazo tayari lakini ukurasa wa marejeleo unawatesa. Kaka Baraka, tuanzie wapi?

BARAKA: Tuanzie kwenye toleo, dada Atu. Makosa mengi yanatokana na kitini kuliko uzembe. Mwanafunzi anapata steshenari kopi ya kopi inayofundisha APA, yaani mtindo wa marejeleo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, toleo la 6, halafu msimamizi anasahihisha kwa toleo la 7, lililotoka Oktoba 2019. Kila mmoja anamwona mwenzake hajui.

ATUPELE: Kukitambua kitini cha zamani ni rahisi. Kama kinakutaka uandike mji wa mchapishaji, yaani "Dar es Salaam: Oxford University Press", hicho ni cha toleo la 6. Toleo la 7 limeuondoa mji, unaandika jina la mchapishaji tu. Dalili ya pili ni waandishi. Zamani kazi ya watu watatu hadi watano uliitaja kwa majina yote mara ya kwanza. Sasa wakianzia watatu, unaandika la kwanza na "et al." tangu mara ya kwanza. Anayeandika tasnifu kwa Kiswahili ataandika "na wenzake", na ukurasa atauandika "uk." Usichanganye, leo "et al." kesho "na wenzake".

BARAKA: Lakini kabla ya yote, fungua mwongozo wa chuo chako. Chuo kikisema kinafuata APA ila kinataka mji, weka mji. Mtahini atakupima kwa mwongozo ule, hatakupima kwa kitabu cha Marekani.

ATUPELE: Hilo halina ubishi. Umbo la ukurasa tulipite haraka. Pambizo sentimita 2.54 pande zote, nafasi maradufu kati ya mistari, fonti Times New Roman 12 au Calibri 11. Orodha ya marejeleo inaanza ukurasa mpya, na kila ingizo mstari wake wa kwanza unaanzia ukingoni, inayofuata inaingia ndani sentimita 1.27.

BARAKA: Na tafadhali, usiingize kwa kubonyeza nafasi kumi. Ukibadilisha fonti, yote yanavurugika. Kwenye Word chagua orodha nzima, bonyeza Ctrl na T. Basi.

ATUPELE: Sasa tutengeneze ingizo moja kwa utaratibu, makala ya jarida. Mtu anaandika kuhusu migogoro ya malisho bonde la Usangu, lazima atakutana na Garrett Hardin. Ingizo lake ni hili: "Hardin, G. (1968). The tragedy of the commons. Science, 162(3859), 1243–1248." Halafu kinafuata kiungo cha DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni.

BARAKA: Hapo pana mitego minne. Kwanza, kichwa cha makala kina herufi kubwa mwanzoni tu, labda na kwenye jina maalumu au baada ya nukta pacha. Wengi wanaandika "Tragedy" na "Commons" kwa herufi kubwa kwa sababu ndivyo walivyoona kwenye jarida. Pili, kichwa cha makala hakilazwi, yaani hakiandikwi kwa herufi za mlazo. Kinacholazwa ni jina la jarida, Science, pamoja na namba ya juzuu, 162. Tatu, namba ya toleo, 3859, inakaa kwenye mabano, imeshikana na juzuu bila nafasi, na haikulazwa.

ATUPELE: Na wa nne ni DOI yenyewe. Iandike kama kiungo kamili, "https://doi.org/10.1126/science.162.3859.1243", bila nukta mwishoni. Ukiweka nukta, mtu akinakili kiungo na nukta yake hafiki popote.

BARAKA: Ndani ya matini sasa. Kama unataja hoja nzima, "(Hardin, 1968)" inatosha. Kama unazungumzia ule mfano wake wa wafugaji na malisho ya pamoja, nakushauri uweke ukurasa: "(Hardin, 1968, uk. 1244)". APA inalazimisha ukurasa kwa nukuu ya neno kwa neno tu, lakini mimi naona hata muhtasari wa hoja mahususi unastahili ukurasa. Msomaji aliyeko Songea asipekue makala nzima kutafuta aya moja.

ATUPELE: Nakubali, na uuandike ukurasa huo siku unayosoma. Kitabu kikisharudi maktaba, ukurasa umekwenda nacho. Nukuu ikifika maneno 40, itoe kwenye aya, iingize ndani sentimita 1.27, ondoa alama za kunukuu, na mabano yaje baada ya nukta ya mwisho.

BARAKA: Twende kwenye vyanzo vya hapa kwetu, maana vitini vingi haviligusi eneo hili. "URT", yaani United Republic of Tanzania.

ATUPELE: Hapo tutakaa kidogo. Fungua tasnifu nyingi za Tanzania utakuta "(URT, 2016)", "(URT, 2019)", "(URT, 2019)". Sera ya kilimo ni URT, bajeti ni URT, ripoti ya elimu ni URT. Msomaji hajui ni waraka upi.

BARAKA: Wasimamizi wengine wameizoea, dada. Wanasema waraka umechapwa na Jamhuri ya Muungano, kwa hiyo mwandishi ni Jamhuri.

ATUPELE: Jamhuri iko juu ya jalada, ndiyo. Lakini APA inataka taasisi iliyo karibu zaidi na kazi yenyewe ndiyo iwe mwandishi, na ngazi za juu ziende sehemu ya mchapishaji. Kama ripoti imeandaliwa na wizara, mwandishi ni wizara. Takwimu ikitoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mwandishi ni ofisi hiyo. Kwa mfano, Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima. Mara ya kwanza unaandika "(Ofisi ya Taifa ya Takwimu [NBS], 2022)", mara zinazofuata "(NBS, 2022)". Kwenye orodha jina liandikwe kamili, na likiwa ndilo mchapishaji pia, usilirudie.

BARAKA: Na mwaka ni wa chapisho, siyo wa sensa. Ripoti ya sensa ile ile inaweza kutoka miaka miwili mitatu baadaye. Ukichukua jedwali kutoka ripoti ya baadaye, mwaka wako ni ule ulioko kwenye jalada lake.

ATUPELE: Msimamizi aking'ang'ania URT?

BARAKA: Basi tofautisha kwa herufi: 2019a, 2019b, 2019c. Herufi hizo zinatoka kwenye orodha yako, hazimo kwenye waraka. Unapanga kazi za mwaka mmoja kwa alfabeti ya vichwa, ya kwanza inakuwa a. Chukua Nyerere. Mwaka 1968 vilitoka "Freedom and Socialism" na "Ujamaa: Essays on Socialism", vyote kwa Oxford University Press. F inatangulia U, kwa hiyo cha kwanza ni 1968a na cha pili ni 1968b. Ukiandika "(Nyerere, 1968)" peke yake kwenye tasnifu inayotumia vyote viwili, umemwacha msomaji njia panda.

ATUPELE: Sheria je? Wanafunzi wa masuala ya ardhi wanaitaja sana Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999.

BARAKA: Kwa sheria, taja kifungu badala ya ukurasa. Kurasa hubadilika kila ikichapwa upya, ila kifungu unakikuta kwenye chapa yoyote. Ukieleza mamlaka ya halmashauri ya kijiji juu ya ardhi, unakwenda kifungu cha 8. Na kama umesoma toleo lililorekebishwa, ambapo sheria hiyo ni Sura ya 114, sema hivyo, maana marekebisho huenda yamebadili maneno. Mtindo wa APA kwa sheria umejengwa juu ya mfumo wa Marekani, kwa hiyo hapo mwongozo wa chuo ndio unaoshika usukani: jina la sheria, namba, mwaka, nchi.

ATUPELE: Sasa mahojiano. Hili naliona ndilo zito kuliko yote, kwa sababu likikosewa linaumiza watu. Mtu amehoji wakulima wa chai Rungwe, anawaweka kwenye marejeleo kwa majina, kijiji na tarehe.

BARAKA: Hapana kabisa. Mhojiwa wa utafiti wako ni data, siyo chanzo kilichochapishwa, haingii kwenye orodha. Ndani ya matini unamtaja kwa namba au jina la kubuni: "Mhojiwa namba 7, mwanamke, mkulima wa chai, Rungwe, Juni 2024". Umemwahidi kumficha kwenye fomu ya ridhaa, timiza ahadi.

ATUPELE: Na kumficha siyo kufuta jina tu. Ukiandika "Mtendaji wa Kijiji" ukataja na kijiji chenyewe Mufindi, umemtaja. Kijiji kina mtendaji mmoja. Kesho akiulizwa na mkurugenzi kwa nini alisema vile, atajificha wapi? Andika "afisa wa serikali ya kijiji, Wilaya ya Mufindi". Vivyo hivyo kwa mwalimu mkuu, mganga mfawidhi, mwenyekiti wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Cheo cha mtu mmoja ni jina lake.

BARAKA: Kuna kundi jingine linalochanganywa na hao. Umempigia afisa kilimo wa wilaya kupata ufafanuzi wa jambo, si sehemu ya sampuli, na amekubali kutajwa. Hayo ni mawasiliano binafsi: herufi ya jina la kwanza, jina la ukoo, maneno "mawasiliano binafsi", na tarehe kamili, ndani ya mabano kwenye matini. Orodhani hayaingii, kwa sababu msomaji hawezi kuyapata.

ATUPELE: Na lugha. Umehoji kwa Kiswahili, Kinyakyusa au Kihehe, tasnifu ni ya Kiingereza. Sema kwenye sura ya mbinu nani alitafsiri, na utunze maneno ya asili. Ila kwa kitabu kilichochapishwa kwa Kiswahili, ukikitafsiri mwenyewe, APA inahesabu tafsiri yako kuwa ni kueleza kwa maneno yako. Usiweke alama za kunukuu, taja chanzo tu.

BARAKA: Tuguse majina, maana nyanda hizi zina jambo lake. Ukoo wa Mwa- ni mwingi. Mwaipopo, Mwakalinga, Mwambene wanapangwa herufi kwa herufi, i inatangulia k, k inatangulia m. Na kama waandishi wa kwanza wa kazi mbili tofauti wana jina moja la ukoo, unatia herufi ya jina la kwanza kila unapowataja: "(A. Mwakalinga, 2018)" na "(J. Mwakalinga, 2021)", hata kama miaka ni tofauti.

ATUPELE: Vyeo vyote nje. Profesa, Daktari, Mheshimiwa, Mchungaji, havina nafasi kwenye marejeleo. Siyo kumkosea mtu adabu.

BARAKA: Halafu kunukuu kupitia mtu mwingine. Brown na Hutt waliandika kitabu kuhusu Iringa mwaka 1935. Kukipata ni shida, wewe umekutana na hoja yao ndani ya tasnifu ya mtu ya 2015. Ukiandika "(Brown na Hutt, 1935)" peke yake, unadai umekishika mkononi. Andika "Brown na Hutt (1935), kama walivyonukuliwa na" huyo wa 2015. Kwenye orodha anaingia wa 2015 tu. Akiwa amekosea kunukuu, kosa litaonekana ni la nani.

ATUPELE: Ila isizidi. Sura ya mapitio yenye "kama alivyonukuliwa" kila aya inamwambia mtahini hukusoma.

BARAKA: Kweli. Programu za kutunza na kupanga marejeleo je? Zotero ni ya bure na inaokoa muda mwingi.

ATUPELE: Inaokoa ukiilisha vizuri. Kosa lake maarufu ni majina ya taasisi. Sehemu ya mwandishi ina visanduku viwili, jina la ukoo na jina la kwanza. Ukiiandika Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa kuigawa humo, orodha inakutolea "Takwimu, O." kana kwamba ni mtu. Bonyeza kitufe cha pembeni kugeuza viwe kisanduku kimoja. Na vichwa vilivyoingia kwa herufi kubwa kutoka intaneti, virekebishe humo humo ndani ya Zotero. Ukirekebisha kwenye Word, orodha ikijisasisha makosa yanarudi.

BARAKA: Na anayeomba marejeleo kwa programu za akili unde, akague moja moja. Zinaweza kukuandikia mwandishi halisi, jarida halisi, na makala ambayo haipo. Ingiza DOI kwenye doi.org. Ikifunguka, linganisha kichwa, juzuu na kurasa. Usipoiona makala yenyewe, ifute.

ATUPELE: Ukaguzi wa mwisho ufanyike kwa kalamu. Chapisha orodha. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F, tafuta "(19" na "(20", kisha ", 19" na ", 20". Kila jina linalojitokeza, litie alama kwenye karatasi, ukiangalia tahajia na mwaka. 2014 ndani na 2015 nje ni kosa linalojirudia mno. Lililoko ndani bila kuwepo orodhani, liongeze. Lililobaki orodhani bila alama, liondoe, kwa sababu marejeleo ya APA ni ya kazi ulizozitaja, siyo kila ulichosoma.

BARAKA: Na urudie zoezi hilo baada ya masahihisho ya msimamizi. Akikufutia aya tatu za sura ya pili, yamefutika na majina yaliyokuwemo, ila orodhani bado yapo.

ATUPELE: Kipindi kijacho ni majedwali na vielelezo: namba inakaa wapi, kichwa kinakaa wapi, na chanzo kinaandikwaje chini yake. Asante, kaka Baraka.

BARAKA: Asante, dada Atu. Kazi njema, wasikilizaji.