Na Mbwa Hadi Iringa: Hatari Ipo Gari Linaposimama

Shikamooni wazee wangu, na wengine nyote habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumze juu ya kusafiri na mbwa kwa gari. Wengi wenu hapa Dar es Salaam mnapanda Iringa wakati wa likizo, basi nitaifuata barabara hiyo hiyo, kilomita karibu 500, maana nimeipita mara nyingi nikiwa na mbwa kiti cha nyuma.

Watu wakija kwangu kabla ya safari huulizia dawa ya kuzuia kutapika. Ni swali zuri, lakini silo la kwanza. Gari likiwa linakwenda, mbwa aliye ndani ya kizimba kilichofungwa imara huwa salama kiasi. Mambo huharibika mnaposimama.

Tuanze Morogoro. Mmetoka alfajiri, njaa inauma, mnaingia hotelini kunywa supu. Mbwa mnamwacha ndani ya gari, vioo mmeshusha vidole viwili, mnasema "dakika kumi tu." Nje joto ni nyuzi 30. Gari lililosimama juani, katika dakika kumi hizo, hufika nyuzi 40 ndani; nusu saa ikipita hukaribia 50. Ule upenyo wa kioo hausaidii. Mbwa hatoi jasho kama sisi, ana kidogo tu kwenye nyayo, na kazi kubwa ya kupoza mwili huifanya kwa kuhema. Sasa hewa anayoivuta ikiwa yenyewe ni ya moto, atapoa vipi? Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 na kitu. Likipita 41, figo, ini na ubongo huanza kuharibika. Wenye mbwa wa pua bapa, ogopeni zaidi. Nimewapokea mbwa wa namna hii mezani kwangu, na wengine sikuweza kuwaokoa. Kuleni kwa zamu, jamani. Mmoja abaki na mbwa kivulini. Mkimkuta amelegea, anahema bila kupumzika, udenda mzito unamtoka, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea papo hapo, ndipo mumkimbize kwa daktari.

Kabla hamjaingia Hifadhi ya Mikumi, mtoeni ajisaidie. Ndani ya hifadhi, kwa kilomita kama 50, hakuna kumshusha, hata akilia. Tembo na nyani mnawajua. Ninayemhofia mimi ni mbung'o. Huyu hufuata kitu kikubwa kinachosogea, na gari lenu kwake ni sawa na nyati. Fungeni vioo. Mbwa akiumwa na mbung'o mwenye vimelea, dalili zinaweza kuja mkiwa mmesharudi mjini na safari mmeisahau: homa, mitoki kuvimba, fizi kuwa nyeupe, jicho kuweka ukungu. Mwambieni daktari wenu kwamba mlipita Mikumi. Sentensi hiyo moja humfanya apime damu mapema.

Hapa niseme jambo langu. Mbele kidogo ya hifadhi niliwahi kusimama ninunue maji. Nilifungua mlango kabla ya kushika kamba. Lori likapiga honi, mbwa wangu akaruka, akaingia porini. Nilimtafuta siku mbili. Hakuwa na namba ya simu shingoni, na mpaka leo sijui kilichompata. Tangu siku hiyo, kamba huwa mkononi kwanza, mlango baadaye, na namba yangu imeandikwa kwenye kola kwa wino usiofutika.

Ruaha Mbuyuni mtanunua vitunguu, kila mtu hununua. Viwekeni kwenye buti, mbali na mdomo wake. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku aliyepikwa nayo msimpe; hupasuka vipande vyenye ncha. Tena kwenye vituo kama hivi kuna mbwa wanaozurura, na kichaa cha mbwa bado kipo nchini. Chanjo ya kwanza huhitaji wiki tatu hivi kujenga kinga, kwa hiyo kuchanja siku moja kabla ya safari ni kuchelewa. Kadi ya chanjo ikae ndani ya gari, na mapema kabla ya kuondoka ulizeni ofisi ya mifugo ya wilaya kuhusu kibali.

Sasa ile dawa ya kutapika. Kona za Kitonga ndizo zitakazomsumbua, hasa mbwa mdogo, ambaye sikio lake la ndani halijakomaa. Chakula cha mwisho kiwe kidogo, saa tatu au nne kabla ya kuanza safari. Maji mpeni kidogo kidogo njiani. Akianza kupiga miayo na kulamba midomo, kichefuchefu kimeanza. Dawa zenu za binadamu msimpe kwa kukisia. Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mbwa wa pwani hutetemeka. Blanketi basi.

Waliokuja na vizimba wavilete hapa mbele. Tutaangalia kama mbwa anaweza kusimama na kugeuka humo ndani bila kubanwa. Tutaanza na yule mweupe pale mlangoni. Dada, naona anahema sana. Msogeze kivulini kwanza, umpe maji.