Rangi ya Dume, Jicho la Jike

Assalaam alaykum. Nawashukuru wenyeji wangu wa hapa Mjini kwa kunialika.

Pono mnamjua. Katika aina nyingi za pono, yule wa kijani na buluu ya kung'aa ni dume. Wa kahawia aghlabu ni majike. Rangi kali humwonyesha samaki kwa adui, basi faida yake nini? Faida ni kuchaguliwa. Dume anayependeza huzaa zaidi, na rangi yake ikarithiwa.

Ushahidi nitautoa Ziwa Victoria, kwa furu, samaki wadogo wa Ghuba ya Mwanza. Wako wawili wa jamaa moja: dume wa mmoja ni buluu, wa pili ni mwekundu mgongoni, na huyu kapewa jina la Mwalimu, *Pundamilia nyererei*. Majike wao hufanana mno. Jike huyo hubeba mayai na vifaranga mdomoni, kwa hiyo kuchagua vibaya kunamgharimu. Watafiti Ole Seehausen na Jacques van Alphen waliwaweka majike kwenye tangi. Chini ya mwanga mweupe, kila jike alimwelekea dume wa aina yake. Chini ya taa ya rangi ya chungwa, iliyofuta tofauti ya rangi, uchaguzi ulivurugika. Na watoto wa mchanganyiko wanazaa vizuri kabisa! Kinachowatenga wawili hawa, kwa sehemu kubwa, ni jicho la jike.

Jicho nalo limefinyangwa na maji. Ziwani, penye chembechembe nyingi, mwanga wa buluu hupotea mapema. Chini hubaki wa njano na mwekundu. Furu mwekundu huishi chini zaidi, na macho yake yanaupokea vyema mwanga huo.

Linaloniuma ni hili. Tukizungumzia kupotea kwa furu, lawama zote humwangukia sangara. Kweli amewala wengi. Lakini udongo na mbolea zinazotiririka ziwani zimeyatia maji ukungu, na pale yalipochafuka sana rangi za madume zimefifia, aina zikachanganyika. Hakuna aliyeliwa, na bado aina imetoweka.

Bahari yetu ni kinyume: kwenye maji maangavu nyekundu ndiyo hufifia mwanzo, buluu ikafika mbali. Kwa hiyo wanafunzi mtakaozamia miambani, rangi ya samaki iandikeni pamoja na kina alichoonekana na hali ya maji siku hiyo.

Karibuni maswali.