Makinda Mawili ya Njiwa: Mazungumzo ya Majilio, Ndanda

Tumsifu Yesu Kristo.

Naona walio nyuma bado wanatafuna maembe. Tumsifu Yesu Kristo! Haya, hapo sawa.

Baba Paroko aliponiambia niseme neno la Majilio, nilimjibu kwamba mimi si mhubiri, ni mkulima wa korosho niliyefundisha katekisimu. Akasema, basi zungumzia korosho. Kwa hiyo nitaanzia kwenye bakuli.

Kangomba mnaijua, sina haja ya kuieleza, ingawa naona wengine mmeanza kutazama sakafu. Kabla mnada haujafunguliwa, mtu anakufuata nyumbani na bakuli lake, anakwambia hili ni kilo. Ukilimwaga kwenye mzani linapita kilo, na bei anayokupa haifanani na ya mnadani. Ila hela anayo mkononi, na chama cha msingi bado kimefunga mlango. Mwaka mmoja nilimpimia bakuli arobaini. Sikuwa na mgonjwa, wala nyumba haikuwa inavuja. Nilitaka mabinti zangu watatu waingie kanisani siku ya Krismasi na magauni ya sare.

Nilikuwa nimeyaona dukani Masasi. Ya zambarau, na mshipi wa kumetameta kiunoni. Niliwaza watakavyopita katikati ya kanisa na watu watakavyogeuza shingo. Na kweli walizigeuza. Mshipi wa yule mdogo ulikatika kabla ya Komunyo, akakaa muda wote ameushika kwa mkono. Mwezi wa 6 uliofuata, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia shambani na mimi sina hata mfuko mmoja wa salfa, dawa yake. Tulisimama chini ya mikorosho, mama watoto na mimi, maua yamegeuka meupe kama yamepakwa unga. Akaniambia, "Baba, maua haya tuliyavaa Krismasi." Hakuongeza neno, na mpaka leo sijapata la kumjibu.

Sasa fungueni Luka sura ya 2, mstari wa 24. Sikukuu huwa tunaishia kwenye hori na wachungaji, huku mbele hatufiki. Yosefu na Maria wanampeleka mtoto hekaluni, na Luka anataja sadaka yao: hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Ukirudi Mambo ya Walawi sura ya 12 utaona Torati ilitaka mwanakondoo wa mwaka mmoja na kinda moja la njiwa. Asiyemudu mwanakondoo ndiye aliyeruhusiwa ndege wawili. Kumbe wazazi wa Bwana walikwenda mbele ya madhabahu na sadaka ya wasio nacho, kila aliyekuwepo akaiona. Yosefu alikuwa fundi, nadhani angepata wa kumkopesha. Hatusomi kwamba alikopa. Hata mikopo ya kausha damu ingekuwepo Yerusalemu siku zile, simwoni akipanga foleni.

Kuna kijana wa kwaya aliniuliza juzi: na dhahabu ya mamajusi ilikuwa wapi, si wangenunua mwanakondoo? Swali zuri, lilinifurahisha. Mamajusi wako kwa Matayo, na Matayo anasema waliingia nyumbani, hasemi zizini. Wengi huelewa kwamba walifika baadaye. Halafu hakuna mahali anaposema walikuwa watatu, tumehesabu zile zawadi tu. Jambo ninalolipenda kwake ni hili: walitoa katika hazina zao wenyewe, halafu wakarudi kwao kwa njia nyingine. Hawakukaa kusubiri kurudishiwa.

Na huyu mzee wa ndevu nyeupe anayening'inia madukani mwezi mzima, tumsamehe, ana ukoo mzuri. Anatokana na Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra, nchi inayoitwa Uturuki leo, karne ya 4. Mapokeo yanasema palikuwa na baba aliyefilisika, hana mahari ya kuwaozea mabinti zake watatu, maana kwao aliyetoa ni baba wa binti, na Nikolao akamtupia fedha dirishani usiku ili asijulikane. Usiku, jamani! Sisi zawadi haijafunguliwa, tayari imepanda status ya WhatsApp.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mtoto akae bila nguo ya sikukuu. Niliwahi kujaribu ukali huo, nikamnunulia mwanangu sare ya shule na madaftari badala ya nguo, kwa sababu Januari ilikuwa mlangoni. Alilia mpaka mchana, na alikuwa na haki. Mtoto hali Januari. Nguo moja, ya hela iliyopo, au kitenge kwa fundi cherehani wa hapa hapa, inatosha. Makosa yangu yalikuwa ile sare ya zambarau. Ile haikuwa zawadi ya mabinti, ilikuwa zawadi yangu mimi, niliwabebesha wao tu.

Krismasi ya 2018 mnaikumbuka. Wanunuzi walikuja na bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza, Serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo, na sikukuu ikawakuta wengi wetu korosho ziko ghalani, hela haijaingia. Nyumbani kwangu tulikuwa tumeshakubaliana kwamba siku hiyo ni ming'oko, ile mizizi ya porini, na chai. Tarehe 24 jioni akaja jirani yetu, bi mkubwa mmoja Mwislamu. Miaka yote Krismasi tunampelekea sahani ya pilau, na Idi anatuletea yeye. Alikuwa na mchele amefunga kwenye kanga, kilo mbili hivi, na vitunguu. Akamwambia mke wangu, "Mwenzangu, huu mkaupike, halafu mniletee sahani yangu kama siku zote."

Tukaupika. Tukampelekea sahani yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akashangaa kabisa: "Ah, mmenikumbuka!" Nimesikia mahubiri mengi ya Noeli, mengine ya maaskofu, na hilo la bi mkubwa sijaona la kulipita.

Basi nina ombi moja. Mvua imeanza, na Krismasi yetu inaangukia msimu wa kulima. Hapa parokiani wapo wajane na wazee ambao mashamba yao hayajaguswa, na kibarua wa kuwalimia hawana uwezo wa kumlipa. Mtu akimpa bibi yake kanga, vizuri. Akimpa siku moja ya jembe, bibi atakula mahindi hayo mpaka mwezi wa 7. Katibu wa jumuiya ana daftari pale mlangoni. Andikeni jina na siku moja, kati ya Noeli na Epifania. Vijana wa kwaya, nyie naanza nanyi, nimeona mikono yenu kwenye ngoma.

Mimi nimeshajiandika tarehe 27. Jembe ninalo, mpini ndio umelegea. Mwenye mpini wa ziada tuonane hapo nje.